Mji Unaolala Mchana

Ziara ya kawaida ya Mombasa hupangwa hivi. Gari la hoteli huondoka Shanzu au Bamburi wageni wakishastaftahi, likavuka daraja la Nyali na kufika Fort Jesus kwenye saa nne. Wageni huzungushwa ngomeni, wakateremshwa Ndia Kuu kutazama milango ya kuchonga, wakapigwa picha chini ya zile pembe za ndovu za alumini katika barabara ya Moi, wakapitishwa Marikiti kununua iliki na mdalasini, na ikigonga saa nane wamekwisha kurudi kwenye bwawa la kuogelea. Ukiwauliza mji waliuonaje, watakwambia una joto, maduka mengi yalikuwa yamefungwa, na watu njiani walikuwa wachache. Hukumu hiyo si ya uonevu, kwa kuwa ndivyo mji ulivyokuwa walipoutazama. Ila waliutazama katika saa ambazo wenyewe wameuacha. Mombasa ni mji wa saa kabla ya kuwa mji wa mahali, na mgeni anapochagua pa kulala huwa amekwisha kuchagua, pengine bila kujua, ni Mombasa ipi ataiona na ni chakula kipi atakikosa.

Jua ndilo lililoupanga mji huu. Mombasa iko nyuzi nne hivi kusini mwa ikweta, na mwezi wa Februari na Machi, kaskazi ikikaribia kukatika, joto la mchana hufika nyuzi 32 au 33 za Selsiasi, na unyevu wa bahari huzidisha uzito wake. Waliojenga Mji wa Kale walilijua hilo. Vichochoro ni vyembamba ili nyumba ya upande mmoja iitie kivuli ya upande wa pili. Kuta ni nene, za mawe ya matumbawe na chokaa, na roshani za mbao zina viwambo vya kupitisha upepo na kulizuia jua. Baraza za mawe nje ya milango zilijengwa kwa ajili ya mapema asubuhi na baada ya alasiri. Anayeketi barazani saa saba mchana ama ni mgeni ama amefungiwa nje. Siku yenyewe hugawanywa na adhana. Kuanzia alfajiri hadi kama saa nne watu hufanya kazi na kwenda sokoni, kisha dhuhuri huwarudisha nyumbani, na maduka mengi ya Mji wa Kale na mtaa wa Biashara, kule kunakouzwa leso, hufunga milango. Hufunguliwa tena jua likishapunguza ukali, na baada ya magharibi mji hupata watu wake wote. Kati ya nyakati hizo zote, ziara ya hoteli huchagua ile moja ambayo mji umejificha.

Ni katika chakula hasara hiyo huonekana wazi zaidi. Mahamri na mbaazi za nazi ni chakula cha asubuhi. Mahamri yakitoka kwenye karai yakiwa yamefura, ndani matupu na yananukia iliki, yana saa moja au mbili za utukufu. Kufikia saa tano yamelegea, na muuzaji aliyeyapika vizuri ameshayamaliza. Mgeni wa ufuoni huyapata kwenye meza ndefu ya hoteli, ndani ya chombo cha kuyaweka moto kinachoyatoa jasho, kisha akaandika nyumbani kwamba mahamri ni aina ya mkate mzito. Viazi karai na bhajia za dengu huanza kukaangwa alasiri, vikaliwa vimoto kwa ukwaju au chatini ya nazi. Mishkaki hutaka makaa, na makaa hayawashwi mbele ya kibanda mpaka jua liinamie Changamwe. Upande wa Makadara, ambako Tarboush na mikahawa mingine imejijengea jina kwa kuku wa makaa na naan, barabara hujaa meza na moshi usiku. Wauza kahawa chungu nao hutoka jioni na dele zao, wakigonganisha vikombe kuwaita wanywaji, na kahawa ile yenye tangawizi huenda na kashata au halua. Biriani ina siku yake, Ijumaa, watu wakishatoka msikitini.

Wapo watakaosema kwamba hoteli kubwa nazo hupika vyakula vya Kiswahili, tena usiku mmoja wa wiki huutenga kwa ajili hiyo, pamoja na ngoma. Kweli hupika, na baadhi ya wapishi wao ni wenyeji hodari. Shida ni kwamba chakula cha Mombasa hakikuumbwa kipikwe mara moja kwa watu mia nne. Samaki wa kupaka huokwa, akapakwa tui zito lenye ukwaju na viungo, akarudishwa motoni, akapakwa tena. Kazi hiyo humtaka mpishi asimame juu ya samaki wachache. Halafu wageni wanaokula hawatoki mahali pamoja, basi mpishi wa hoteli hupunguza pilipili, huondoa mifupa, na hukitengeneza kila kitu kimfae asiyekijua. Mpishi wa kibandani hana haja ya kumpendeza asiyekijua. Wateja wake ni walewale wa jana, na akiharibu leo watamwambia papo hapo.

Msafiri Ibn Battuta alifika kisiwani mwaka 1331 na, kwa maelezo yake mwenyewe, alilala usiku mmoja tu kabla ya kuendelea na safari ya Kilwa. Katika muda huo mfupi aliona kwamba watu wa Mombasa hula zaidi ndizi na samaki, kwamba nafaka zao huletwa kutoka bara, na kwamba huosha miguu kabla ya kuingia katika misikiti yao ya mbao, iliyojengwa kwa ustadi. Hayo ni mambo ya jioni na alfajiri: nini kimepakuliwa, nani anatawadha wapi. Wageni wengi wa leo hukaa wiki nzima karibu na mji bila kupata habari za namna hiyo, na si kwa sababu hawana macho. Wameletwa saa ambayo hakuna wa kumtazama.

Fort Jesus yenyewe, ambayo hakuna ziara inayoiacha, hubadilika kwa saa. Ujenzi wake ulianza mwaka 1593 kwa amri ya mfalme wa Ureno, na ramani ilichorwa na Mtaliano Giovanni Battista Cairati. Shirika la UNESCO liliiingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011. Ukuta wake umekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na ukiutazama kutoka angani unafanana na mtu aliyelala chali. Kuanzia Machi 1696 majeshi ya Oman yaliizingira kwa muda wa miezi 33, na walioangamia ndani waliuawa zaidi na maradhi na njaa kuliko mizinga. Mwaka 1697 meli ya Kireno Santo António de Tanná, iliyokuja kuwaokoa waliozingirwa, ilizama mbele ya ngome. Vitu vyake viliopolewa na wanaakiolojia miaka ya 1970 na sasa vimo katika makumbusho. Waingereza waliigeuza ngome kuwa gereza kuanzia 1895 hadi 1958. Kisa kizito kama hicho hakisomeki na mtu anayetafuta kivuli. Saa mbili asubuhi, milango inapofunguliwa, mawe hayajabeba joto, boma liko kimya, na michoro ya meli ambayo askari wa Kireno waliichora ukutani inaweza kutazamwa kwa utulivu. Nani anaweza kuwa langoni saa hiyo? Aliyelala umbali wa kutembea kwa miguu. Aliye Diani saa mbili bado yuko kwenye foleni ya mayai.

Hata bahari, ambayo ndiyo sababu ya watu kukimbilia ufuoni, ina ratiba isiyojali malipo ya chumba. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu huja bamvua, na maji ya Mombasa hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita tatu. Siku hizo za bamvua maji hupwa kabisa katikati ya asubuhi na kujaa alasiri, tena kila siku kuchelewa kwa dakika 50 hivi. Mgeni ambaye hakuelezwa hilo huamka, akavaa nguo za kuogelea, akakuta bahari imekwenda hadi mwambani na kuacha mchanga, mwani na vidimbwi. Wavuvi wa Bamburi wanaijua ratiba hiyo kwa kuhesabu mwezi. Wale wa mashua zenye sakafu ya kioo, zinazowapeleka watu kuona matumbawe ya hifadhi ya bahari, hupanga safari zao maji yakipwa. Basi asubuhi za bamvua ndizo hasa za kuwa mjini, na mchana mkali unafaa kwa Haller Park. Pale palikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji cha Bamburi, jangwa la chokaa tupu, mpaka René Haller alipoanza kupanda mivinje mwaka 1971. Leo ni msitu wenye kivuli, na ndiko yule kiboko mchanga Owen, aliyeokolewa wakati wa tsunami ya Desemba 2004, alikomwandama kobe mzee kama mama yake. Sehemu inayofaa kutembelewa saa saba mchana ni hiyo, wala si Ndia Kuu.

Mpango wa kuwalaza wageni mbali na mji haukuanguka kutoka mbinguni. Mwanzoni mwa karne ya 20 msafiri alilala kisiwani, kwa sababu meli na reli zilimfikisha hapo; hoteli ya Castle katika barabara ya Moi, inayoitwa sasa Castle Royal, ni kumbukumbu ya wakati huo. Daraja la kuelea lilifungua njia ya Nyali mwaka 1931, na hoteli zikaanza kuota ufuoni. Zilipokuja ndege za kukodi kutoka Ulaya, hasa Ujerumani, mgeni aliuziwa nauli, chumba na milo kwa bei moja, naye akashushwa uwanjani na kupelekwa moja kwa moja kwenye mchanga. Daraja la saruji la Nyali la mwaka 1980 lilikamilisha kazi. Biashara ile iliwalisha maelfu ya Wakenya, na si haki kuidharau. Lakini ilifunza tabia moja ambayo imebaki hata baada ya wateja kubadilika: chakula kimeshalipiwa, kwa hiyo kula nje ni hasara. Familia ya Nairobi au Nakuru inayokuja likizo ya Desemba, inayozungumza Kiswahili na inayoweza kuagiza viazi karai bila mkalimani, hununua kifurushi kilekile na kufungiwa nyuma ya lango lilelile. Sasa barabara ya Dongo Kundu inamwezesha mtu kushuka treni Miritini na kufika pwani ya kusini bila kukanyaga kisiwa hata kidogo. Kwa anayekwenda Diani na kuchukia feri ya Likoni hiyo ni nafuu kubwa. Kwa muuza kahawa wa Makadara, sivyo.

Hapo msomaji ana haki ya kuuliza: kwani mtu hawezi kulala ufuoni na kuja mjini jioni? Anaweza, akiwa Nyali, ambako tuktuk humfikisha Mji wa Kale kwa muda mfupi na kumrudisha. Akiwa Bamburi au Shanzu atapambana na msongamano wa jioni, ambao humpa kisingizio cha kubaki. Akiwa kusini atavuka Likoni saa ambayo maelfu ya wafanyakazi wanarudi nyumbani. Waendao kwa miguu huvuka bure, lakini subira si bure. Na hata akija jioni, ataikosa asubuhi. Mtu hapati mahamri na mishkaki kwa safari moja ya gari.

Pingamizi zito zaidi ni la usalama. Mei 2014 serikali ya Uingereza iliwaonya raia wake wasiende Mombasa isipokuwa kwa dharura, na kampuni za Thomson na First Choice zikawaondoa mamia ya wateja wao. Kwa muda mrefu baadaye kisiwa kilitajwa kama mahali pa kukwepwa. Ila onyo lile halikukihusu kisiwa peke yake. Lilishika pwani kuanzia Mtwapa hadi Tiwi, yaani pamoja na hoteli nyingi zenye malango na walinzi. Lango halikuzinusuru. Kilichozisaidia ni wageni wa ndani, ambao walijua tofauti kati ya mtaa na mtaa. Wezi wa simu na mikoba wapo, kama walivyopo katika kila mji wa bandari, na hakuna busara katika kupita kichochoro chenye giza saa tano usiku simu ikiwa mkononi. Lakini jioni ya Mama Ngina, ambako bustani ya ufuo iliyofanyiwa ukarabati ilitumika kwa sherehe za Mashujaa mwaka 2019, ni familia zilizoketi ukutani na watoto, zikitazama meli zikiingia Kilindini karibu kiasi cha kuweza kusoma majina yake, zikitafuna muhogo wa kukaanga wenye pilipili na ndimu. Hofu ya kisiwa hutoka zaidi kwa wasiokilala.

La tumbo lisitupotezee muda. Kilichotoka kwenye mafuta yanayochemka mbele ya macho yako kina hatari ndogo kuliko saladi iliyokaa mezani tangu adhuhuri. Ogopa maji, barafu na chatini iliyolala.

Malazi yenyewe ndiyo sehemu dhaifu ya hoja hii, na ni bora kukiri. Kisiwa hakina mchanga wa kuogelea. Vyumba vyake vingi vilijengwa kwa wafanyabiashara na madereva wa masafa, si kwa mtu aliye likizoni. Pengine feni hugugumia, maji hukatika, na dirisha hutazama ukuta wa jirani. Mwenye watoto wadogo wanaotaka bwawa hana sababu ya kulala kisiwani wiki nzima, na anayempeleka Mji wa Kale mtu atakaye disko amempotosha. Huyo na aende Mtwapa. Ninachodai ni kidogo kuliko hicho: usiku mbili, si wiki. Tena mahitaji huzaa vyumba. Nyali na Bamburi zimejaa nyumba za kupangishwa kwa siku kwa sababu wageni wa reli mpya, iliyoanza mwaka 2017, walizitaka. Ghorofa za juu za nyumba za Mji wa Kale, zenye roshani na upepo, zingeweza kufuata njia hiyo.

Hapo ndipo wenyeji wanapostahili kusikilizwa kuliko yeyote, kwa kuwa wao wanaweza kuukataa mpango mzima kwa sababu nzuri. Wameona Lamu na Shela, ambako nyumba nyingi za kale zilinunuliwa na wageni matajiri, na vijana wa mji wakabaki walinzi wa nyumba zilizokuwa za babu zao. Mji wa Kale wa Mombasa umeponea kwa kiasi kutokana na kupuuzwa: bado kuna chuo, duka la unga, fundi cherehani na bibi anayeuza kaimati mlangoni. Sheria ya uhifadhi, inayosimamiwa na ofisi iliyo chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, hulinda milango na roshani, lakini haiwezi kumlinda mpangaji. Kwa hiyo lililo muhimu ni nani anapokea kodi ya chumba. Familia inayoishi chini na kupangisha vyumba viwili vya juu hubaki mtaani, hununua mkate kwa jirani, na humwambia mgeni wake bila haya kwamba kaptura hiyo haifai msikitini na kwamba baraza la mtu halipigwi picha bila ruhusa. Mnunuzi anayeihamisha familia ili aweke vyumba kumi na mbili huua kile anachokiuza. Serikali ya kaunti ina uwezo wa kutofautisha hao wawili katika leseni na ada zake, na hapo ndipo ningetaka kuona juhudi, kabla ya bustani nyingine ya ufuo.

Anayepanga safari na aanze na zile usiku mbili za kisiwani, kisha aende ufuoni. Mpangilio huo una maana. Treni ya usiku humshusha mtu Miritini alfajiri mapema, saa ambayo hoteli ya ufuoni haina chumba cha kumpa lakini mji unaanza kukanda unga. Tena aliyeanza na mji hujua kinachomngoja, naye akishahamia Bamburi atachukua chumba na kifungua kinywa pekee, akabakiza hela na hamu ya jioni. Aliyeanza na kifurushi hutoka kwa shida. Wakati wa Ramadhani tofauti huwa kubwa zaidi: mchana migahawa mingi ya kisiwani hufungwa na mgeni asiyefunga atapata tabu ya kula, lakini magharibi ikiingia vibanda hupangwa kando ya barabara kwa tende, sambusa, kaimati, tambi na mikate ya sinia, na maduka ya nguo hufanya kazi hadi usiku wa manane. Mwezi huo chumba cha kisiwani kina kasoro moja ya kweli, kelele, maana vichochoro havitulii mpaka watu wamekula daku.